ULIZA TUJIBU: Bastola ya springi, nianze na ipi?

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia kwenye easofti, zile bastola za mfano zinazotupa gololi za plastiki. Nahisi ni video za mtandaoni zimewakolea. Haya, twende.

SWALI: Habari za kazi. Niko Tabata, umri 24, nimepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi na uwani tunatumia wote. Binamu yangu anarudi kutoka Japani, kaniambia nichague bastola ya easofti aniletee. Nimecheki mtandaoni nimechanganyikiwa, kuna za springi, za gesi, za umeme. Sijawahi kushika hata moja, nataka tu kulenga makopo jioni nikitoka job. Nianze na ipi?

JIBU: Kaka, anza na ya springi na usimsikilize mtu. Haitaki betri wala gesi. Unavuta slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza) nyuma, springi inajibana na pistoni inanasa, ukivuta triga pistoni inaachiwa, inasukuma hewa ndani ya silinda na hiyo hewa ndo inatoa kigololi cha milimita 6. Basi, hakuna uchawi mwingine. Kila ukipiga moja unakoki upya, yaani unavuta slaidi tena, na hapo ndo wengi wanapoichukia, ila kwa anayejifunza mi naona ndo raha yake kwa sababu huwezi kumwaga gololi ovyo, unalazimika kutulia, ulenge, uvute triga taratibu, uone imekwenda wapi halafu ndo ukoki tena. Ya gesi tamu kweli, slaidi inajirudi yenyewe na mkono unausikia mtikisiko, lakini gesi ikiisha utaijazia wapi hapo Tabata, na kopo la gesi binamu hapandi nalo ndege.

Kuchagua, usiangalie uzito. Kuna za bodi ya chuma zinazoshikika kama silaha kabisa halafu ndani zimejaa plastiki laini. Cha kuuliza ni kama ina hopapu. Hiyo ni mpira mdogo juu ya mtutu kwa ndani unaoikwaruza gololi ili izunguke kinyumenyume, na ule mzunguko unaibeba hewani isidondoke mapema. Bora hopapu ya kurekebisha, ila hata ile isiyorekebishika ni afadhali kuliko bila. Kampuni ya Tokyo Marui inatengeneza za springi zenye hopapu na sifa yake ni kulenga vizuri, sio kupiga kwa nguvu.

Na nguvu zenyewe huzihitaji. Gololi ya gramu 0.20 ikitoka kwa mita 70 kwa sekunde ina kama nusu jouli hivi (jouli ni kipimo cha nishati), kopo la soda la mita 7 au 8 utaliangusha vizuri tu. Boksi likiandika futi 300 kwa sekunde ujue ni kama mita 91, yaani jouli 0.8 na kitu. Japani kwenyewe, tangu sheria yao irekebishwe 2006, gololi za milimita 6 mwisho ni jouli 0.98 hivi, kwa hiyo muuzaji akikusifia kitu kinachotoboa mbao, mpite.

Sasa jambo ambalo binamu pengine hajaliwaza. Hizi bastola zilianzia hukohuko Japani miaka ya 1970, watu wanapenda silaha na sheria haiwaruhusu raia kumiliki bastola, wakatengenezewa mfano unaofanana kila kona. Kufanana ndo lilikuwa lengo zima. Ufanano huo ukiuleta uwani kwenye nyumba ya kupanga, jirani akichungulia dirishani saa moja jioni anaona mtu na bastola, hawezi kujua ya springi ni ipi, na mtaa uliowahi kusikia habari za panya road, yale magenge ya vijana waporaji, hausubiri maelezo, mtu anapigiwa kelele za mwizi kwanza. Askari naye hivyohivyo, usitegemee akuulize kama gololi ni za plastiki.

Kwa hiyo kabla binamu hajalipia, nenda kituo cha polisi na picha ya hicho kitu, eleza ni nini na kinafanyaje kazi, uliza kama unaruhusiwa kukiingiza na kwa utaratibu gani, na uombe jibu la maandishi. Tunayo sheria ya kudhibiti silaha za moto na risasi ya mwaka 2015 na mambo haya yako mikononi mwa polisi, usiende kubishana nao kwa kitu ulichosoma kwenye simu. Wakikwambia hapana, ndo imeisha hiyo, mwambie binamu akuletee viatu. Wakikubali, chagua yenye bodi ya rangi kali au ya plastiki inayoonyesha ndani. Marekani wanalazimisha ncha ya mtutu iwe ya rangi ya chungwa, za soko la Japani hazina hiyo. Binamu aiweke kwenye begi la kwenda chini, sio la mkononi, na aiulizie shirika la ndege mapema maana silaha za mfano haziingii kwenye kabini.

Mwenye nyumba na wapangaji wenzio waambie kabla, mjumbe pia. Halafu piga ndani ya chumba, sio uwani. Chukua boksi kubwa, ning'iniza kitenge kikuukuu au pazia ndani yake lining'inie huru, gololi ikigonga kitambaa inaishiwa nguvu na kuanguka ndani ya boksi. Ukuta wa tofali ukiupiga gololi inakurudia usoni. Nje ya nyumba inatembea ndani ya begi lililofungwa, haikai kiunoni hata kwa sekunde moja ya kupiga picha, na usiniambie unaipandisha mwendokasi.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, Mbagala. Idd iliyopita mjomba wao alimnunulia mkubwa, ana miaka 9, bunduki ya gololi za plastiki Kariakoo. Wanapigana na wenzake uchochoroni. Baba yao anasema ni mchezo tu, mimi moyo hautulii. Naikosea raha ya mtoto?

JIBU: Dada, hujakosea hata kidogo, na shemeji nampa salamu zake. Ngozi itavimba itapona, jicho ndo halina spea. Kigololi hata cha bunduki ya bei ya chini kikilipata jicho kwa karibu kinaweza kuvujisha damu ndani ya jicho, na ubaya wake ni kwamba mtoto analia dakika kumi ananyamaza, mnadhani yameisha, kumbe presha ndani ya jicho inapanda. Ikitokea, asilifikiche, msimtie dawa yoyote ya dukani, apelekwe hospitali yenye wataalamu wa macho siku hiyohiyo, Muhimbili au CCBRT pale Msasani, hata kama anasema haumi tena.

Kwa sasa hiyo bunduki kaa nayo wewe kabatini. Akitaka kupiga, apige boksi, mtu mzima yupo pembeni, na wote waliopo wamevaa miwani ya usalama iliyoandikwa EN 166 au Z87. Miwani ya jua haifai, ikipasuka vipande vinaingia jichoni. Kupiga wenzake uchochoroni, hapana, na mjomba mwambie mwakani alete mpira.

SWALI: Bro, yangu ya springi gololi inaenda mita chache halafu inapaa juu kama kishada, saa nyingine inatoka mbili kwa pamoja, juzi imekwama kabisa. Nipo Sinza. Niifungue?

JIBU: Usiifungue, springi itaruka na hutaona imeangukia wapi. Kupaa juu maana yake gololi ni nyepesi kuliko hopapu inavyotaka, nadhani unatumia zile za gramu 0.12 zinazokuja bure kwenye boksi. Weka 0.20 au punguza hopapu kama inarekebishika. Ikianza kudondoka mapema, fanya kinyume chake. Kutoka mbilimbili na kukwama mara nyingi ni gololi mbovu au za kuokota. Ikishadunda sakafuni ina mikwaruzo na mchanga, itupe, haijalishi ina bei gani. Na zile za chuma za milimita 4.5 usijaribu kuziingiza humo.

Ya kutoa gololi iliyokwama: sefti (kizuizi cha triga) iwekwe, toa magazini (kile kikasha cha gololi), usichungulie mtutuni hata kama una uhakika iko tupu, maana magazini ikitoka bado moja inaweza kuwa imebaki mbele. Elekeza kwenye boksi, sukuma taratibu kwa kijiti cha kusafishia kutokea mdomoni. Baadaye tone moja la mafuta ya silikoni kwenye oringi, ile pete ya mpira ya pistoni, ila sio kwenye mpira wa hopapu, mafuta ya cherehani au ya gari yanaila mipira. Slaidi ivute mpaka mwisho kabisa kila unapokoki, ukiishia katikati ndo unaila meno ya kifyatulio, na ukimaliza usiilaze ikiwa imekokiwa, springi inachoka.

SWALI: Tuko washkaji wanane, tunataka kwenda kupigana na hizi za springi msitu wa Pugu wikiendi. Zinatosha?

JIBU: Kwa mechi hazitoshi, za springi zikizidi mita 15 ni kubahatisha na mnakoki huku mwenye ya umeme anawamwagia. Ila hilo ni dogo. Pugu ni hifadhi ya msitu, kuna walinzi na kuna wanakijiji wanapita, na nyie wanane mnazurura na bastola vichakani. Acheni hiyo. Tafuteni eneo la mtu lenye ukuta, kibali kwa maandishi, polisi wawe na taarifa, miwani kwa kila mmoja hadi mpiga picha. Mkikosa, pangeni makopo mshindane kulenga, na aliyeshindwa anunue chipsi mayai.