Kwa anayeanza kufuatilia nyota pacha hafifu za eksirei

Tenganisha mambo mawili tangu siku ya kwanza. Mlipuko ni heliamu au haidrojeni inayoungua ghafla juu ya nyota ya nyutroni (kiini kizito mno cha nyota iliyokufa): hupanda kwa sekunde chache, hufifia ndani ya makumi ya sekunde, na joto lake hushuka kadiri unavyofifia. Mwako ni gesi ya nyota mwenza kumiminika kwa wingi kwenye nyota hiyo ya nyutroni. Huchukua wiki, hata miaka.

Chukua nyota iliyo umbali wa kiloparseki 8 (miaka-nuru 26,000 hivi). Mlipuko unaofikia kikomo cha Eddington (ukali ambao mwanga wenyewe huanza kusukuma gesi mbali), ergi 3.8 × 10³⁸ za nishati kwa sekunde, hutufikia ukiwa mkali karibu mara mbili ya Nebula ya Kaa (Crab), ambayo wanaastronomia huitumia kama kipimo cha ukali wa eksirei. Mwanga wa kawaida wa nyota hiyohiyo, tuseme ergi 10³⁵ kwa sekunde, ni nusu tu ya mili-Crab, yaani nusu ya sehemu ya elfu ya ukali wa nebula hiyo. Ndiyo maana satelaiti ya eksirei BeppoSAX ilinasa milipuko ya nyota kadhaa bila kuona mwanga wa kudumu, zikadhaniwa ni za milipuko mitupu. Mojawapo, SAX J1806.5-2215, ililipuka 1996 na 1997, ikanyamaza, kisha ikawaka tena 2011. Usiiamini lebo hiyo kabla ya kupekua kumbukumbu za miaka yote.

Ukitumia data za ASM, kamera ya satelaiti ya RXTE iliyokagua anga lote, anza na vipimo vya sekunde 90 kimojakimoja. Mlipuko ambao nishati yake yote ni sawa na sekunde 10 za kilele chake hubaki na sehemu ya tisa ya ukali wake humo. Kwenye wastani wa siku huzama katika kelele. MAXI, darubini ya eksirei iliyo kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa, nayo huona kwa ukungu wa nyuzi 1.5 hivi, kwa hiyo karibu na kitovu cha Njia Nyeupe (galaksi yetu) mwanga wa jirani huingia kwenye hesabu yako. Thibitisha kwa XRT, darubini ya eksirei ya satelaiti ya Swift, inayoona kwa usahihi zaidi.

Siku isiyoona kitu, andika kikomo cha juu cha sigma 3 (mara tatu ya kosa la kipimo), kamwe usiandike sifuri. Siku isiyopimwa iache wazi, wala usiunganishe nukta kwa mstari. Jua hupita karibu na kitovu cha Njia Nyeupe Desemba, Swift hukaa mbali nalo nyuzi 45 hivi, na pengo la Novemba hadi Januari hujirudia kila mwaka. Ukitafuta mzunguko bila kulijali, utapata siku 365 na kufurahia bure.

Kipimo kinachookoa wengi ni hiki. Gesi inapoanguka hutoa nishati takriban mara 100 ya ile itakayotoka heliamu yake ikiungua. Mlipuko wa ergi 4 × 10³⁹ unadai 4 × 10⁴¹ za mwanga wa kawaida: kwa ergi 10³⁶ kwa sekunde ni siku nne au tano, kwa 10³⁵ ni siku 46. Ukiona milipuko miwili ndani ya wiki huku mchoro wako ukisema 10³⁵, kagua upya umbali, kisha nishati iliyo nje ya keV 2 hadi 10 (mkanda wa eksirei unaopimwa kwa kawaida), kisha kama milipuko yote miwili ni ya nyota ileile.