Kabla Hujaamua Kusomea Planktoni na Tabianchi

Wanafunzi wa sayansi wanaoniuliza kuhusu kazi yangu huanza na mshahara, kisha huuliza kama ni kweli kwamba tunashinda baharini na pomboo. Pomboo utawaona mara mojamoja ukiwa njiani kwenda kituoni, yaani mahali baharini tunapochukulia sampuli. Viumbe utakaoshughulika nao ni wadogo mno, wengi wao hawaonekani bila hadubini, na sifa yao kuu ni kwamba hawana nguvu ya kushindana na mkondo, kwa hiyo huenda unakowapeleka. Hao ndio planktoni. Wale wa jamii ya mimea hufanya takriban nusu ya usanisinuru wote wa dunia, na samaki unayemnunua sokoni, awe dagaa au jodari, chakula chake kinaanzia kwao. Kama jambo hili halikusisimui hata kidogo, ni afadhali ulijue sasa, kabla hujatumia miaka yako ya ujana maabara.

Ushauri ninaouweka mbele ya yote ni huu: ukitaka kusoma mabadiliko ya tabianchi kupitia planktoni, penda rekodi kuliko ugunduzi. Mwaka 1931 mwanasayansi Mwingereza Alister Hardy aliasisi utaratibu wa kufunga chombo cha kunasia planktoni nyuma ya meli za kawaida za biashara, nazo zikawa zinakikokota katika safari zao huku utepe wa hariri ndani yake ukiwachuja viumbe. Wakati ule hakuna aliyekuwa akitafuta dalili za ongezeko la joto. Hata hivyo, ni kwa sababu kazi ile iliendelea kwa miongo mingi kwa njia ileile ndipo Grégory Beaugrand na wenzake walipoweza, mwaka 2002, kuonyesha kwamba kopepodi (planktoni wadogo wa jamii ya kamba na kaa) wa maji ya uvuguvugu katika Atlantiki ya kaskazini-mashariki walikuwa wamesogea kaskazini kwa kiasi cha digrii 10 za latitudo ndani ya takriban miaka 40. Mradi wa miaka miwili haungeweza kuyaona hayo, hata ungekuwa na vifaa vya bei gani.

Huku kwetu, magharibi mwa Bahari ya Hindi, hatuna hazina ya namna hiyo. Tuna picha za satelaiti za rangi ya bahari, rangi inayodokeza wingi wa planktoni wa jamii ya mimea, ambazo zimepatikana mfululizo tangu 1997, na tuna makadirio ya watafiti. Mojawapo, lililotolewa mwaka 2016 na kundi lililoongozwa na Roxy Mathew Koll, lilieleza kwamba planktoni wa jamii ya mimea katika eneo hili huenda wamepungua kwa hadi asilimia 20 katika miongo sita. Sababu inayotajwa inaeleweka hata bila hesabu nyingi: maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hukaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo, na virutubisho vilivyoko chini vikashindwa kupanda hadi penye mwanga. Lakini satelaiti huona tabaka la juu tu, tena haikwambii waziwazi ni spishi gani iliyokuwapo na ipi imetoweka. Pengo hilo huzibwa na mtu anayerudi kituo kilekile, mwezi baada ya mwezi, akiwa na wavu wake.

Na kurudi peke yake hakutoshi, kwa sababu rekodi huharibikia kwenye mambo madogo. Wavu wa zooplanktoni, yaani planktoni wa jamii ya wanyama, tunaoutumia sana una matundu ya maikromita 200 (sehemu ya tano ya milimita), na mdomoni mwake hufungwa kipima mtiririko, maana usipojua ni maji kiasi gani yamepita huwezi kusema kuna kopepodi wangapi katika mita moja ya ujazo. Wavu ukipanda, osha kwa kuumwagia maji kutoka nje, ili walionasa kwenye kuta washuke chupani. Lebo andika kwa penseli, kwenye kipande cha karatasi ngumu kinachotumbukizwa ndani ya chupa pamoja na sampuli, kwa kuwa wino huyeyuka na lebo ya nje hubanduka. Andika na saa. Kopepodi wengi hushuka vilindini mchana na kupanda usiku, kwa hiyo sampuli ya saa sita mchana na ya saa sita usiku zinaweza kufanana na sampuli za bahari mbili tofauti, na mtafiti wa miaka 30 ijayo asiyejua saa yako atadhani ameona badiliko la tabianchi.

Vivyo hivyo misimu. Kusi linapovuma mkondo wa pwani hukaza kwenda kaskazini, na maji huchanganyika na kupoa. Kaskazi likiingia mkondo hulegea na maji hupata joto. Ni katika siku shwari za kaskazi ndipo utakapoona michirizi ya Trichodesmium, bakteria wanaofanya usanisinuru, ya rangi ya kahawia kama unga wa mbao, ikielea juu ya maji. Anayelinganisha Agosti ya mwaka huu na Februari ya mwaka jana hajapima tabianchi, amepima pepo za msimu. Katika hili manahodha wa boti za dagaa wamenifunza mengi, kwani wao huyasoma maji kila giza la mwezi, na hujua mapema kuliko sisi pale msimu unapochelewa. Wasalimu, waulize, na usiwape hotuba.

Kuhusu masomo, najua sitapendwa na walimu wa takwimu. Jifunze programu za kompyuta, ni lazima. Lakini jifunze hadubini kwanza. Kumtambua kopepodi wakati mwingine kunadai umkate jozi ya tano ya miguu kwa sindano nyembamba, na mkono wa kazi hiyo haupatikani kwa kusoma. Wenye ujuzi huo wanapungua, nao ndio wanaotafutwa mradi mpya unapoanza.

Fedha zinakuja kwa miradi, nayo hukatika. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao yake Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti kwa eneo letu, lakini usitegemee mfuko mmoja. Chagua vipimo vya bei nafuu ambavyo kituo cha utafiti kinaweza kuviendeleza hata mfadhili akiondoka: joto, chumvi, kisahani cha Secchi (cha kupimia uwazi wa maji), klorofili (rangi ya kijani ya mimea), na wavu. Kigegezi cha baharini kinazoeleka kwa wengi. Fomalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, haizoeleki, kwa hiyo vaa glavu na ufanye kazi penye hewa.

Ukiwa bado chuoni, omba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, au KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mombasa. Katika barua yako usiandike kwamba unaipenda bahari, kwani kila mwombaji ameandika hivyo. Andika kwamba uko tayari kuhesabu sampuli za zamani zilizolala kabatini bila kuchambuliwa.