Mashine ikipoa, kiazi kikilala

Isyonje, Mbeya

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Unauliza kwa nini fundi wako hapo Makambako anaiacha mashine ya kuchomelea ikae bure wakati geti halijaisha na mteja amesimama mlangoni. Vumilia, umemuuliza mwalimu mstaafu wa sayansi.

Angalia kibati cha mashine. Kama pameandikwa asilimia 60 kwa ampea 200 za umeme, maana yake katika kila dakika 10 unachomelea 6, na 4 inapoa. Koili, zile nyaya zilizoviringwa ndani yake, zinapata joto haraka kuliko feni inavyoweza kulitoa. Ukipunguza ampea, muda wa kuchomelea unaongezeka. Fundi wako si mvivu.

Moyo wako nao una ratiba yake. Ukipiga mara 75 kwa dakika, kila pigo huchukua sekunde 0.8: kama 0.3 unakaza kusukuma damu, kama 0.5 unalegea. Ukilegea ndipo unapojaa. Tena hapo ndipo misuli yake yenyewe hupata damu nyingi, maana ukikaza unaibana mishipa inayoulisha. Mapigo yakienda mbio, kinachopungua zaidi ni huo muda wa kulegea. Unaona? Unakula ukiwa umepumzika.

Mimi somo hili lilinigharimu shamba. Ulikuwa darasa la tano. Nilipata viazi mviringo vya bei ya chini, vimechimbwa wiki ileile, nikavipanda vyote. Vya majirani viliota, vyangu kimya. Nilipofukua, vingine vimeshaoza. Na darasani nilikuwa nafundisha habari hizohizo! Kiazi kilichotoka kuchimbwa kina homoni zinazokizuia kuchipua hata ukikipa udongo mzuri na mvua. Kwa aina nyingi usingizi huo huchukua miezi miwili au mitatu. Kwao ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Huko kikichipua wakati wa baridi kali, kimekwisha.

Lugha hukuiuliza, lakini nitaisema. Tamka "kata" polepole: kabla ya *t* ulimi unaziba hewa, sauti inakatika. Bila kimya hicho hakuna *t*. Na unakumbuka mdogo wako aliponipigia simu, "Mama, Neema amejifungua"? Mtandao ukameza kile kituo kidogo, nikasikia "Mama Neema amejifungua". Mama Neema ana miaka sitini na nne! Nilikaa chini kwanza.

Mbegu za mwaka huu ziko stoo, juu ya vichanja, zimeanza kutoa vichipukizi vifupi vya zambarau. Sizigusi mpaka mvua ishike. Ukipata nafasi Jumamosi, njoo na zile bawaba za mlango. Huu uliopo naufunga kwa kamba.

Mama yako