Kilo 118 na barua ya kwenda kwa mpasuaji

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Dada yangu anaishi Ohio, Marekani. Ana kilo 118, urefu mita 1.65, na kisukari. Mwenziwe wa kazini, Mzungu, kashapelekwa kupunguzwa tumbo la chakula kwa operesheni, apungue uzito. Dada yangu kila akienda kwa daktari huambiwa apunguze wali. Kuna kitu katika mwili wa mtu mweusi kinachozuia operesheni hii? – Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam. Hakuna. Chukua kalamu: zidisha 1.65 mara 1.65, kisha gawa 118 kwa jawabu hilo, unapata 43. Hicho ndicho kipimo cha uzito kwa urefu (BMI). Mwongozo wa Marekani wa 1991 ulitaka 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 wapasuaji waliushusha: 35 yatosha bila maradhi, na mwenye kisukari hufikiriwa tangu 30. Wenye asili ya Asia huanza 27.5, maana kisukari huwawahi wangali wembamba. Dada yako kashapita kote.

Alipokwama ni njiani, kabla hajamwona mpasuaji. Huko Marekani karibu nusu ya watu wazima weusi wana unene wa kupindukia, zaidi kuliko Wazungu, na bado hufanyiwa operesheni hii kwa uchache wakilinganishwa na Wazungu wenye sifa zilezile. Bima ni sababu moja: baadhi ya kampuni za bima hudai miezi ya lishe chini ya usimamizi kwanza. Wapo pia wagonjwa wanaojizuia wenyewe kwa kutowaamini madaktari, na siwalaumu. Kule Tuskegee, Marekani, 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa makusudi bila tiba na watafiti wa serikali. Linalonikera zaidi ni daktari asiyeitaja operesheni kabisa. Hapo hakuna aliyekataliwa, kwa hiyo hakuna pa kulalamikia.

Atakuja kuambiwa kwamba baada ya operesheni weusi hupungua kilo chache kuliko Wazungu. Kwa wastani ni kweli, lakini kisukari chao nacho hupata nafuu kubwa, na hicho ndicho kinachomuumiza.

Basi asiombe “msaada wa uzito”, ataishia kwenye wali tena. Aseme: “Naomba barua ya kwenda kwa mpasuaji. Kama hunipi, andika sababu kwenye faili langu.” Mkono huwa mzito kuandika sababu isiyokuwepo. Bima nayo ikikataa, adai jibu la maandishi, akate rufaa.

Ama wewe hapo Wete, kikwazo ni bahari na pesa. Wengi huniuliza puto la hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam: hilo si operesheni, ni puto linalowekwa tumboni na kutolewa baada ya miezi kadhaa.