Tuliosoma Mlimani, Tunawarithisha Nini Watoto?

Katika familia nyingi za waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, urithi wa Mwalimu Nyerere, mwasisi wa chuo hicho na mkuu wake wa kwanza kilipojitegemea mwaka 1970, umebaki kuwa picha ya joho ukutani pamoja na shinikizo kwa mtoto asome pale pale aliposoma baba. Mimi ni mtoto wa msomi wa Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, nami nilisoma hapo, na sasa wanangu wanakaribia umri huo. Ushauri wangu ni kwamba picha ibaki, lakini shinikizo liachwe, kwa kuwa chuo kile hakikuanzishwa ili kuzaa koo za wasomi.

Waelezeni watoto kwanza nani alilipa. Chuo kilipofungua milango Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, nchi ilikuwa maskini mno. Mwaka 1964 Mwalimu alimfananisha anayesomeshwa na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila asirudi, huyo ni msaliti. Baba yangu, aliyeingia chuoni baada ya Azimio la Musoma la 1974, wakati kijana alitakiwa kupitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na kufanya kazi kwanza, hakuishia kwenye mfano huo. Alitutajia wakulima wa pamba wa kijijini kwao, mmoja mmoja, akisema hao ndio waliomsomesha.

Msiufiche pia mwaka 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na JKT, Mwalimu akawafukuza zaidi ya 300 na kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa baadaye. Nyumbani kwetu tukio hili huzua ubishi kila linapotajwa, na binafsi naona adhabu ile ilikuwa kali kupita kiasi, ila kijana hujifunza zaidi katika ubishi huo kuliko katika sifa tupu. (Wazee hawapendi niseme hivyo.)

Kisha lipeni deni kwa vitendo, na hapa sizungumzii fedha peke yake. Familia yenye wasomi wa vizazi viwili ina ujuzi ambao familia nyingine haina: inajua jinsi ya kuchagua kozi, jinsi ya kuhakiki mapema cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na jinsi ya kujaza maombi ya Bodi ya Mikopo bila kuacha kiambatisho hata kimoja. Nimeona kijana mwenye ufaulu mzuri akikosa mkopo kwa sababu jina la kwenye cheti cha kuzaliwa lilitofautiana na la kwenye cheti cha kidato cha nne, kasoro ambayo mtu mzoefu angeibaini kwa kutazama mara moja. Kwa hiyo kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, mwanangu mkubwa huketi na mhitimu wa shule ya kata iliyo jirani, wakapitia nyaraka zote pamoja. Mchagueni kijana asiye wa ukoo wenu, kwani wa ukoo atasaidiwa tu, na muanze kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, maana kusahihisha jina huchukua muda.