Meneja mkuu na mawakala wa ajira

Umeuliza, kaka, meneja mkuu wa hoteli hapo Malindi awatumieje mawakala wa ajira wa Nairobi kujitafutia kazi mpya. Jua kwanza kwamba wakala hulipwa na mwajiri, kwa vyeo vikubwa mara nyingi sehemu ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Hakutafutii wewe kazi, anamtafutia mteja wake mtu. Akikudai ada, achana naye.

Chagua wawili au watatu wanaojua mambo ya hoteli. Linalowaponza wakubwa ni kumwaga wasifu kila mahali: ukimfikia mwenye hoteli kupitia mawakala wawili, huenda akakuacha kabisa kuepuka ugomvi wa ada. Kila wakala akutajie kwanza jina la hoteli, nawe ukubali kwa maandishi, ndipo aupeleke wasifu wako. La sivyo, Malindi mji mdogo, bosi wako atasikia kabla ya magharibi.

Wasifu kurasa 2, wenye hesabu: vyumba, wafanyakazi, mapato, na masika ulipunguzaje gharama bila kufukuza watu wazuri (hili wengi hulisahau). Mshahara wa sasa na muda wa notisi useme ukweli mapema, maana ofa nyingi huvunjikia hapo. Wakala kimya wiki 2? Mpigie simu moja tu.