Ukiwa mbali na mwalo, spea unaitoa wapi?

Mhariri, salamu kutoka Majanji, huku Busia upande wa Uganda. Wiki hii mmeuliza: binadamu aanze kutawanyika kwenye sayari zingine, ama abaki athamini uhai wa hapa duniani? Mi ni fundi wa injini za boti, mwaka wa 14 sasa niko kwenye huu mwalo wa boti za uvuvi kando ya ziwa Victoria, na swali lenu nimekaa nalo siku tatu nikiwa kazini. Jibu langu ni hili: waende waangalie, wapime, wapige picha, warushe setilaiti na mi ntawashukuru, lakini hiyo ya kusema tuhamie huko tukaishi, hapana, bado hatujajifunza kutunza hata hii dunia tuliyoikuta inafanya kazi yenyewe.

Nianze na shukrani sababu ni ya kweli. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa mukene, yaani dagaa. Mukene wanavuliwa usiku wa giza, unaweka taa juu ya maji, wao wanaifuata, mwezi ukiwa mkubwa mnabaki nyumbani kushona nyavu, kwa hiyo sisi hesabu ya kazi yetu iko juu mbinguni tangu zamani. Sasa ziwa hili usiku lina tabia yake, nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka kando zote unaelekea katikati, unakutana huko na ile hewa ya joto yenye unyevu, inapanda juu, ndo maana dhoruba mbaya zinapiga alfajiri wakati watu wako mbali na wamechoka. Mjomba alitoka usiku mmoja wa Aprili na wenzake wawili. Boti tuliipata siku ya tatu upande wa Kenya, wao hatukuwapata. Wakati huo hakuna aliyekuambia kitu, unaangalia mawingu jioni unaamua mwenyewe.

Leo ripoti ya hali ya hewa ya ziwa inasomwa redioni, inatumwa kwa simu, na inatoka wapi? Inatoka kwa setilaiti. Kuna ile inaitwa Meteosat, imekaa juu ya mstari wa ikweta, kilomita kama 36,000 kutoka hapa chini, inapiga picha ya Afrika nzima kila dakika 10 mpaka 15, mtu wa hali ya hewa anaona wingu linakua kabla halijafika kwetu. Na hata urefu wa maji ya ziwa unapimwa kutoka huko juu. Mnakumbuka Mei 2020 maji yalipanda mpaka kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, ikapita rekodi ya 1964, miji ya wavuvi ikaingia maji, hapa banda langu la kwanza lilikwenda. Kwa hiyo mtu akiniambia pesa za anga za juu ni za kupoteza tu, sikubaliani naye, mi nimezika jeneza lisilo na mtu ndani, najua hiyo picha ya kila dakika chache inauzwa kwa bei gani.

Lakini kuangalia ni jambo moja na kuhamia ni lingine kabisa. Elon Musk, yule mwenye kampuni ya roketi ya SpaceX, anasema anataka kufikisha watu milioni moja kwenye sayari ya Mirihi wakajenge mji unaojitegemea, na kuna watu wengi wenye akili wanamuunga mkono. Mi nawaomba waje kwanza wakae na wazee wetu hapa wasikie habari ya furu.

Furu ni wale samaki wadogo, Waganda wanawaita nkejje. Wanasayansi wanasema ziwa Victoria lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, likajaa tena, na kutoka kwa furu wachache wakatokea aina kama 500. Mia tano! Kwenye ziwa moja. Mwingine kazi yake ni kuvunja konokono, mwingine anakwangua mwani kwenye mawe, mwingine anakula mayai na watoto wa wenzake, kuna mpaka anayekula magamba tu ya samaki wengine. Kila mmoja na meno yake ya kazi yake, kama vile spana kwenye boksi langu. Hakuna mtu aliyepanga, hakuna aliyelipwa.

Alafu miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, wakubwa wakaona furu ni mdogo, ana mifupa, hana biashara, wakaleta sangara. Kuna mwanasayansi, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 kuonya kwamba msifanye hivi, hamjui kitakachofuata. Wakaendelea, wakaongeza wengine. Miaka kama 20 na kitu ikapita kimya, watu wakadhani hamna shida, alafu miaka ya 1980 sangara akaongezeka ghafla, akawala furu. Furu ambao walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote ziwani wakashuka chini ya asilimia moja. Aina kama 200 zikaisha, na sisemi zimehama, zimeisha, hazipo mahali popote pengine duniani. Na haikuishia hapo, sababu furu wengi walikuwa wanakula mwani na uchafu wa chini, walipoondoka, na huku mbolea na maji machafu ya miji yanaingia, maji yakawa ya kijani na kule chini hewa ikaisha. Na sangara ana mafuta, huwezi kumkausha kwa jua kama furu, lazima umbanike kwa moto, kwa hiyo miti ya kando ya ziwa nayo ikakatwa. Samaki aliingia majini, msitu ukalia.

Sitamlaani sangara, karo yangu ya shule ilitoka kwake, na viwanda vya minofu vimeajiri watu wetu wengi. Nachosema ni kwamba waliomleta hawakuwa wabaya, walikuwa watu wamesoma, wana nia ya kulisha watu, na walibadilisha kitu kimoja tu kwenye mashine wasiyoijua. Na ziwa ni kitu hai, linavumilia, lina mvua, lina mito, lina matete ya kusafisha, na bado likaanguka vile. Sasa Mirihi unaanza na nini? Hewa yake shinikizo halifiki asilimia moja ya hii yetu, na karibu yote ni kabonidioksaidi. Baridi wastani ni kama 60 chini ya sifuri. Udongo una chumvi ya sumu inaitwa pakloreti. Huko haubadilishi kitu kimoja, huko unatengeneza vyote, hewa, maji, udongo, mdudu wa kuchavusha maua, bakteria wa kuozesha kinyesi, na vyote vikubaliane siku ya kwanza.

Na walishajaribu, tena hapa hapa duniani. Kule Arizona, Marekani, walijenga nyumba kubwa ya vioo inaitwa Biosphere 2, zaidi ya hekta moja, ndani wakaweka msitu, shamba, bahari ndogo, na Septemba 1991 watu 8 wakajifungia humo miaka miwili. Oksijeni ikaanza kushuka, kutoka karibu asilimia 21 ikafika 14 na kitu, watu wanapumua kama wako juu ya mlima mrefu, hawawezi kulala vizuri, mpaka ikabidi oksijeni iletwe kutoka nje. Chanzo wakakuta ni udongo waliojaza mbolea, bakteria wakala oksijeni wakatoa kabonidioksaidi, na saruji ya kuta ikainywa hiyo kabonidioksaidi kwa hiyo mimea haikuweza kuirudisha. Saruji, jamani! Nani angefikiria saruji? Wadudu wa kuchavusha wakafa wote, mende na sisimizi wakajaa. Hao watu waliponea sababu mlango ulikuwa na dunia upande wa pili.

Hapo ndo naingia na kazi yangu. Injini ikikufia katikati ya ziwa unajua cha kufanya, unaangalia plagi, unaangalia mafuta kama yana maji, unasafisha kabureta, ikishindikana unapiga simu, boti nyingine inakuvuta. Plagi iko Busia, kitu kikubwa kinatoka Kampala, siku mbili tatu umerudi majini. Hata wale walioko kwenye kituo cha kimataifa cha angani wako kilomita 400 tu juu yetu, kama Kampala kwenda Kabale, na tangu Novemba 2000 watu hawajawahi kukosekana humo sababu mzigo unapelekwa kila baada ya muda, chakula, spea, nguo, na mtu akiugua anaweza kushushwa. Mirihi nafasi nzuri ya kurusha chombo inakuja mara moja kila miezi 26 hivi, na safari yenyewe ni miezi sita mpaka tisa. Ukituma ujumbe unafika baada ya dakika 3 sayari zikiwa karibu, dakika 22 zikiwa mbali, na jibu linachukua muda ule ule kurudi. Sasa pampu ya hewa imekufa, gasketi imepasuka, ile ya akiba uliitumia mwezi jana. Mi nimefungua injini za kutosha kujua kwamba kinachoua si kile ulichojiandalia, ni kile kidogo cha bei ya elfu tano ambacho hakuna aliyefikiria kukibeba.

Wengine watasema, sawa fundi, lakini dinosaria walikufa na jiwe la angani miaka milioni 66 iliyopita, likija lingine tutakuwa wapi kama hatuna makao ya pili? Hii hoja naiheshimu, ndo nzito kuliko zote. Lakini tufikirie pamoja. Hata kesho yake baada ya lile jiwe, dunia ikiwa na giza na moshi na baridi, bado ilikuwa na hewa ya kupumua na maji, na wanyama wadogo wakajificha mashimoni wakapona, sisi tumetoka kwao. Siku mbaya kuliko zote ya dunia ilikuwa bado afadhali kuliko siku nzuri ya Mirihi. Na jiwe lenyewe tunaweza kulisukuma! Septemba 26, 2022 Wamarekani waligongesha chombo kinaitwa DART kwenye jiwe dogo la angani, Dimorphos, linalozunguka jiwe lingine kubwa, na muda wake wa kulizunguka ukapungua kama dakika 33. Pesa ziende huko, hiyo ni kulinda nyumba, hiyo naunga mkono mikono miwili.

Alafu kuna hili la nani anakwenda na nani anamiliki. Mkataba wa mataifa wa 1967 kuhusu anga za juu unasema hakuna nchi inayoweza kudai mwezi wala sayari kuwa yake, lakini mwaka 2015 Marekani ikapitisha sheria kwamba kampuni zake zikichimba kitu huko ni mali yao. Sisi hapa ziwani tuna Migingo, kisiwa cha jiwe cha kama nusu eka, Kenya na Uganda, nchi mbili ndugu, watu wanaooana, na tumekigombania miaka na miaka, wavuvi wamekamatwa, samaki wao wamechukuliwa. Sioni kama tukifika mbali ndo tutakuwa watu wengine.

Simaanishi mtoto wa Kiafrika asitazame juu. Desemba 12, 1970 setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru, neno letu la Kiswahili likaenda huko na likasaidia watu kujua mashimo meusi. Na sisi Uganda tulikuwa na setilaiti yetu, PearlAfricaSat-1, kikasha cha sentimita 10 kila upande, wahandisi watatu wa Uganda waliitengeneza wakiwa kwenye chuo cha teknolojia cha Kyushu huko Japani, ikarushwa Novemba 7, 2022. Setilaiti za aina hiyo hazidumu, hewa nyembamba ya juu inazivuta chini, lakini kamera yake iliwekwa iangalie huku kwetu, mashamba, maji, misitu, na hilo ndo linanifurahisha.

Mtoto wa dada yangu ako P6, darasa la sita, anakuja bandani baada ya shule kunishikia spana. Nilimuonyesha picha ya hicho kikasha kwenye simu, akauliza, mjomba, inaweza kutuona hapa mwaloni? Nikamwambia kila nukta ya picha yake ni mita 20 za hapa chini, kwa hiyo magugu maji yakijaa kwenye ghuba inaweza kuyaona, boti moja haiwezi. Akanyamaza anafikiria, alafu akasema yake yeye itaona boti.